Maji meupe, je, ni maji safi?



Katika ukurasa huu tumekwisha kuongea mara nyingi juu ya kofia ya kazi, viatu vyenye ncha ya chuma na vumbi linaloingia katika mapafu. Mwezi huu tuache kidogo shimo na kiwanda, turudi nyumbani. Tutaangalia kitu kilicho karibu na mlango wa kila mmoja wenu, ndani ya ndoo ao ndani ya bidoni: maji ya kunywa. Na walimu wetu mara hii si waganga. Ni watoto wa darasa la tano wa shule moja ya Kamina, kule Haut-Lomami.

Wengi wenu mnaijua Kamina. Kuna wale ambao baba zao walipanda treni pale kwenda kutafuta kazi kwenye mine za shaba, na kuna wale ambao mpaka leo wana mama, shangazi ao shamba kule. Mimi mwenyewe nilizaliwa kule. Mwaka jana, mwezi wa sita, nilikwenda konji, na mwalimu mmoja niliyesoma naye tukiwa watoto akaja kunitafuta. Akaniambia hivi:

— Munganga, njoo unisaidie. Programu inasema niwafundishe watoto juu ya kuchafuka kwa maji. Nimeandika kwenye ubao: maji machafu yanaleta magonjwa. Wanasoma kwa sauti, wanaandika katika daftari, wanapata pointi kumi juu ya kumi. Kisha kengele inalia, wanakimbia kisimani na kunywa kwa mikono.

Mimi ni msaidizi wa munganga tu, si mwalimu, na konji ni konji. Nilitaka kukataa. Lakini tulipopita mbele ya darasa lake akanionyesha benchi ya pili karibu na dirisha. Watoto wote walikaa watatu watatu, pale walikaa wawili. Wakati wa masika msichana mmoja wa benchi ile alianza kuhara na kutapika jioni, na kabla ya jua kutoka alikuwa amekufa. Nyumbani kwao walikuwa wakinywa maji ya kisima, maji meupe kama kioo. Nilirudi pale kesho yake asubuhi.

Mnajua kwamba Haut-Lomami ni moja ya majimbo ya Congo ambamo kolera haiji kama mgeni na kuondoka. Inakaa. Ni vilevile katika Tanganyika, Haut-Katanga na Kivu zote mbili. Wavuvi wa Lualaba na wa maziwa ya Upemba na Kisale wanaifahamu sawa wanavyofahamu mvua. Mwaka 2017 ilitoka katika makao yake, ikaenea mbali, mpaka Kinshasa ikafika. Katika inchi nzima, mwaka ule, waliugua watu zaidi ya 50,000, na zaidi ya 1,000 walikufa. Basi somo la maji katika shule ya Kamina si somo la kupata pointi.

GLASI TATU

Siku ya kwanza hatukufungua kitabu. Nilikuja na glasi tatu, na maji niliyochemsha usiku nikayaacha yapoe. Katika glasi ya kwanza sikutia kitu. Katika ya pili nilikuwa nimetia kijiko cha chumvi, nikakoroga mpaka ikayeyuka kabisa. Katika ya tatu nilitia chai kidogo, ikawa na rangi ya maji ya mtaro. Nikaweka zote tatu juu ya meza, nikauliza: nani anataka kunywa, na kutoka glasi gani?

Ya tatu hakuna aliyeitaka. Wengine walishika pua, ingawa haikuwa na harufu yoyote. Juu ya ile ya kwanza na ya pili darasa likagawanyika. Kila upande ulisema maji yake ndiyo yanayongaa zaidi. Kijana mmoja shujaa akaja mbele, akachukua ya pili, akanywa mara moja. Uso wake sitausahau. Darasa likacheka mpaka mkubwa wa shule akaja kuchungulia dirishani.

Kisha nikachukua ile ya tatu, ile waliyoikataa, nikatia sukari na nikainywa yote mbele yao. Wakanyamaza. Rangi mbaya ilikuwa chai. Maji meupe ndiyo yaliyokuwa na kitu.

Mwalimu, ambaye ni mtu wa akili kuniliko katika mambo ya watoto, hakuwaambia jibu. Aliuliza tu: chumvi imekwenda wapi? Mmoja akasema imekufa. Mwingine akasema imekuwa maji. Basi akamwaga kijiko kimoja cha maji yale juu ya sahani ya bati nyeusi, akaiweka juani. Jua la kipwa mnalijua. Saa sita, kabla ya kwenda nyumbani, watoto wote wakaja kuangalia: maji yamekwenda, na juu ya bati kumebaki alama nyeupe. Wakagusa na ulimi. Chumvi ile ile.

Hapo msichana mmoja mdogo akauliza swali lililonifanya nikae chini. Aliuliza:

— Munganga, kama ukichemsha ile maji, chumvi itakufa?

Ndugu msomaji, jibu swali hilo wewe mwenyewe kabla ya kuendelea kusoma. Muulize na bibi yako. Nimewauliza wakubwa wengi tangu siku ile, na zaidi ya nusu walikosea.

Chumvi haifi, sababu haina uhai. Uchafu wa maji ni wa namna mbili. Kuna uchafu ulio hai: vijidudu vya kolera, vya tifoidi, vya kuhara damu, mayai ya minyoo. Hao wanatoka katika choo cha mtu ao cha nyama, na moto unawaua. Maji yakitokota kwa dakika moja nzima, wamekwisha. Na kuna uchafu usio na uhai: chumvi, asidi, mafuta ya mashine, shaba, kobalti, risasi. Huo moto hauufanyi kitu. Tena ukichemsha sana, maji yanapungua na uchafu unabaki wote ndani ya sufuria. Kwa hiyo kila kopo linakuwa na uchafu mwingi kuliko mbele. Sahani ya bati ilikuwa imekwisha kutuonyesha hilo.

SASA NINYI WABABA

Hapa naacha darasa kidogo, niwageukie wale wanaovaa ovaroli. Watoto wa Kamina wako mbali na viwanda vyetu. Watoto wenu hawako mbali.

Nimeingia katika nyumba nyingi za kambi kwa kazi yangu ya dispanseri. Nimeona maji ya kunywa ndani ya bidoni iliyotoka kiwandani na asidi, ndani ya pipa lililoleta mafuta, ndani ya ndoo ya dawa zinazotumika kutenganisha shaba na mawe. Mwenye nyumba ananiambia: "Nimeisafisha na majivu na sabuni, mara tatu." Namwamini. Lakini plastiki inanyonya dawa sawa mbao inavyonyonya mafuta, kisha inairudisha kidogo kidogo ndani ya maji. Huwezi kuiona, na mara nyingi huwezi kuionja. Chombo kilichobeba dawa ya kiwanda hakifai kwa maji ya kunywa, wala pombe ya harusi, wala mafuta ya kupikia, hata kama kingesafishwa mwaka mzima. Kama kapita amekupa ruhusa ya kukitoa, umeruhusiwa kukitoa tu. Ruhusa ile haiondoi dawa iliyo ndani.

Neno la pili ni nguo za kazi. Ukifulia ovaroli katika mtaro ule ambao chini yake watoto wanaoga, vumbi la mine linakwenda kuwapokea. Mwaka 2009 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi pamoja na wale wa Leuven, Ubelgiji, walitoa matokeo ya kupima mikojo ya watu wa Katanga. Wanaokaa karibu na mine na viwanda walikuwa na kobalti nyingi kuliko wanaokaa mbali, na watoto walikuwa nayo kuliko wakubwa. Mtoto anacheza chini, anatia mikono mdomoni, na mwili wake ni mdogo. Si maji peke yake yanayomletea; ni vumbi, ni chakula, ni udongo. Lakini maji yamo.

Na maji yakiharibika kwa wingi, hakuna sufuria inayotosha. Mwezi wa pili mwaka 2025, kwa majirani zetu wa Zambia, karibu na Chambishi, ukuta wa bwawa la mabaki ya kiwanda cha shaba ulibomoka. Maji ya asidi yakaingia katika kijito Mwambashi, kisha katika mto Kafue. Samaki walielea wamekufa, mashamba ya kando ya mto yakaungua, na mji wa Kitwe ukafungiwa maji ya bomba. Wamama wa Kitwe wangechemsha maji yale mpaka kesho, bado asidi ingebaki asidi. Kwa hiyo, wewe unayefanya kazi karibu na bwawa la mabaki, ukiona ukuta unalia maji mahali ambapo jana palikuwa pakavu, sema siku ile ile, tena kwa maandishi kama unaweza. Usingoje mwisho wa juma.

Turudi Kamina.

PAMPU YA LONDON NA KAMBA YENYE MAFUNDO

Siku ya pili niliwapa watoto hadithi, na ni hadithi ya kweli. Mwaka 1854, kule London, kolera iliua watu zaidi ya 600 katika kartie moja iitwayo Soho. Wakubwa wengi wa wakati ule waliamini ugonjwa unaletwa na harufu mbaya. Munganga mmoja, John Snow, hakuamini. Alikwenda nyumba kwa nyumba akiuliza: maji mnateka wapi? Kisha kila aliyekufa alimtilia alama juu ya ramani. Alama zikakusanyika kando ya pampu moja, ile ya Broad Street. Na watu waliipenda pampu ile! Walisema maji yake ni matamu. Mama mmoja mjane aliyehamia Hampstead, mbali na pale, alikuwa akiletewa chupa ya maji yale kwa sababu aliyazoea. Akafa naye. Tarehe 8 mwezi wa tisa mpini wa pampu uliondolewa. Baadaye walichimba, wakaona kwamba shimo la uchafu la nyumba ya jirani lilikuwa karibu mita moja tu kutoka kisima kile, na kuta zake zilivuja. Katika shimo lile mama mmoja alimwaga maji aliyofulia nguo za mtoto wake mchanga aliyekuwa anahara.

(Wafanya kazi wa kiwanda cha bia kilichokuwa karibu na pampu, hakuna hata mmoja aliyekufa, walikuwa wakinywa bia. Wababa, naona mnacheka. Msiwapelekee wake zenu mistari hii kama ruhusa: kiwanda kile kilikuwa pia na kisima chake chenyewe.)

Mwalimu akawauliza watoto: kama ninyi mngekuwa John Snow, hapa Kamina mngefanya nini? Wote wakapiga kelele: tungechora ramani! Basi tukatoka.

Kila kundi lilipewa kamba yenye fundo kila mita moja. Waliipima hatua ya mmoja wao, wakajua hatua kumi ni mita ngapi, kisha wakatembea avenyu tatu kuzunguka shule wakihesabu. Ramani tulichora juu ya karatasi ya mfuko wa cementi. Punje ya mahindi ni kisima, kipande cha makala ya kupikia ni choo, kifungo ni mahali pa kutupa takataka, na mshale unaonyesha upande ambao maji ya mvua yanatelemkia. Kanuni niliyowapa ni ile ya waganga wote: kisima na choo viachane mita 30 kwa uchache, choo kisikae juu ya mtelemko kuelekea kisima, na shimo la choo likome mita moja na nusu juu ya mahali maji ya chini yanapoanza.

Kwenye karatasi ile mahindi na makala vilikaa pamoja kama ndugu. Watoto walipima mara mbili, wakidhani wamekosea.

Hapo ndipo nami nilipata aibu yangu. Kisima kimoja kilikuwa hatua 19 za mtoto kutoka choo, yaani karibu mita 11, na choo kilikuwa juu ya mtelemko. Kilikuwa katika lupango ya muyomba wangu, ndugu wa mama yangu. Nimekunywa maji ya kisima kile utoto wangu wote. Na ndicho kisima walichotekea jamaa za msichana wa benchi ya pili.

Sisemi kwamba kisima kile kilimwua. Maji yake hayakupelekwa kwenye laboratwari, na wakati wa masika kolera ina milango mingi. Lakini mnajua jambo hili: wengi wanaoingiwa na kijidudu cha kolera hawaugui hata kidogo, na bado wanakiacha chooni kwa siku kadhaa. Jirani mwenye afya nzuri, choo kisafi, sabuni mlangoni, anaweza kutuma mauti katika kisima bila kujua.

MUYOMBA ANAKUJA SHULENI

Mjukuu wa muyomba alikuwa katika darasa lile. Alirudi nyumbani akasema mbele ya wageni: "Babu, kisima chetu kinakunywa choo." Asubuhi muyomba alikuwa mlangoni mwa darasa na fimbo yake. Hakunisalimu.

— Kisima hiki nilichimba kwa mikono yangu. Wewe ulikunywa hapa tangu ukiwa na meno mawili. Ulikufa?

— Hapana, muyomba, sikufa.

— Basi nani aliwatuma watoto kutangaza lupango yangu katika karatasi?

Na kwa hilo alikuwa na haki. Tulikuwa tumeandika majina ya wenye lupango juu ya ramani, na ramani tuliitundika ukutani ambako kila mzazi anaiona. Lilikuwa kosa letu, mimi na mwalimu. Mtoto ambaye kwao kunaonekana kuchafu anachekwa, na baba yake anafunga masikio. Tuliomba msamaha mbele ya watoto, tukafuta majina, tukaandika namba tu. Walimu mnaosoma ukurasa huu, anzeni na namba.

Kisha mwalimu akamwomba muyomba akae, akawaambia watoto wamwonyeshe beseni.

Hili beseni ni kazi ninayoipenda kuliko zote, na haihitaji faranga nyingi. Unajaza beseni ya plastiki na mchanga, unaiinamisha kidogo juu ya kipande cha tofali. Upande wa chini unasimamisha kopo la maziwa lililotobolewa matundu: hicho ni kisima. Unamwaga maji mpaka uone yanasimama ndani ya kopo. Upande wa juu unachimba shimo kwa kidole: hicho ni choo. Ndani ya choo unamwaga maji yenye bulu, ile wamama wanayotia katika nguo nyeupe. Juu ya mchanga huoni kitu, kila kitu ni kikavu na kizuri. Kisha unaleta mvua kwa kopo jingine lenye matundu chini. Mvua ya kwanza, hakuna kitu. Mvua ya pili, hakuna kitu. Mvua ya tatu, maji ndani ya kisima yanaanza kuwa ya bulu.

Muyomba alitazama bila kusema. Akaomba wamwage tena, yeye mwenyewe akashika kopo la mvua. Akauliza kama choo kikihamishwa upande wa chini bulu itafika. Wakajaribu: mvua tatu, mvua nne, kisima kikabaki cheupe. Nikamwambia basi kwa upole lile nililokuwa nalo moyoni: wakati nikiwa na meno mawili, avenyu ile ilikuwa na nyumba chache, na choo kile hakikuwako bado. Maji yale ya zamani yalikuwa mengine.

Akasimama. Alipofika mlangoni akauliza: "Na choo cha jirani, nani atamwambia?" Hatukuwa na jibu zuri. Jirani yule, mpaka nilipoondoka, alikataa.

CHUPA YA MCHANGA

Siku ya tatu nitaieleza kwa kifupi. Watoto walikata chupa za plastiki, wakazigeuza, wakatia kitambaa, makala iliyopondwa, mchanga mwembamba, kisha kokoto. Juu wakamwaga maji ya udongo, chini yakatoka meupe. Walifurahi sana. Nikauliza: nani sasa anataka kunywa? Mikono yote ikapanda juu, isipokuwa mmoja, wa yule kijana aliyekunywa chumvi siku ya kwanza. Alisema: "Mimi nilikwisha kudanganywa." Alikuwa amefaulu kuliko wote. Mchanga unaondoa udongo, hauondoi vijidudu vyote, wala chumvi, wala asidi.

Basi baada ya kuchuja bado kuna kazi. Ama kuchemsha, dakika moja ya kutokota. Ama dawa ya klori, kwa kufuata kipimo kilichoandikwa juu ya pakiti na kungoja nusu saa. Ama jua: chupa nyeupe ya plastiki isiyo na rangi, maji yaliyochujwa vizuri, kulazwa juu ya bati saa sita za jua kali, kama kuna mawingu, siku mbili. Makala ni ya bei, kwa hiyo njia ya jua inafaa Kamina wakati wa kipwa. Lakini kumbukeni sahani ya bati: njia hizi tatu ni za uchafu ulio hai tu. Maji yanayopita karibu na kiwanda, ao yenye ngozi ya mafuta juu, hayaponywi na yoyote kati yake. Yaacheni, tafuteni robine ao kisima kingine.

Walimaliza kwa kupima maji ya kumpa mtu anayehara, kila mtoto na kijiko chake: lita moja ya maji yaliyochemshwa, vijiko vidogo sita vya sukari vilivyo sawasawa, na nusu kijiko kidogo cha chumvi. Wayaonje, yasiwe na chumvi kuliko machozi. Mgonjwa anayanywa kidogo kidogo njiani kuelekea hospitali, si badala ya hospitali. Kolera inaweza kumaliza mtu mzima kwa saa chache, na wengi wanaopona wanaponywa na maji haya haya. Waliandika kipimo juu ya kifuniko cha daftari, mahali ambapo hata baba asiyefungua daftari atakiona.

Kama shule ya watoto wenu haijafanya kazi hizi, msingoje programu. Glasi tatu unaweza kuziweka juu ya meza yako jumapili hii, beseni na mchanga viko kila mahali. Muulize mtoto kwanza, umwache akosee, usimpe jibu haraka. Usiruhusu kuonja maji yoyote isipokuwa yale uliyochemsha mwenyewe, na usiwatume watoto kuchota maji karibu na mabwawa ya mabaki kwa ajili ya somo.

Mwalimu aliniandikia juzi. Juu ya kisima cha muyomba kuna kipande cha bati chenye maandishi ya mjukuu wake: maji ya kufua na ya ujenzi. Maji ya kunywa wanateka kwenye robine, ni mwendo wa robo saa, na bibi wa muyomba bado analalamika juu ya mwendo ule. Choo kipya kinachimbwa upande wa chini wa lupango. Jirani hajachimba, lakini mke wake alikuja shuleni na kuomba kuona beseni. Watoto wa darasa la tano wa mwaka huu nao wanaitaka, na mwalimu ananiomba nimtumie bulu nyingine na mtu wa treni, sababu ile ya kwanza imekwisha.